Kuhama nyumba kwa fedha kidogo: pesa hupotelea kwenye tarehe kabla ya kupotelea kwenye lori

Mwenye uzi (Mukono)

Ndugu zangu, salaam. Jumapili ya mwisho ya Agosti familia yangu ilihama kutoka Bwaise, mtaa wa Kampala, kuja Mukono, hapa Uganda. Hii ni mara ya tatu tunahama tangu tuoane, na mara mbili za mwanzo zilituachia madeni. Kwa hiyo nimeona niandike kwa utaratibu yale niliyojifunza, ili anayejiandaa kuhama asiyalipie makosa ambayo mimi nimekwisha kuyalipia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari huko Kireka, mke wangu ni muuguzi hapa Mukono, na tuna watoto watatu.

Hoja yangu ni moja. Mtu mwenye fedha chache akitaka kuhama, swali lake la kwanza huwa bei ya lori, ilhali lori ni gharama inayoonekana, na inayoonekana huweza kujadiliwa. Fedha nyingi hupotea pasipoonekana: katika siku ambazo mtu analipia nyumba mbili kwa wakati mmoja, katika safari ya pili ambayo haikupangwa, katika deni la umeme la mtu asiyemjua, na katika amana isiyorudi kwa sababu taarifa ilitolewa kwa kuchelewa. Yote hayo huamuliwa na tarehe, na tarehe hupangwa bure.

Nianze na sababu ya kuhama, kwa maana asiyejua kwa nini anahama hawezi kujua atumie kiasi gani. Bwaise tulipanga vyumba viwili kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Ni mahali penye watu wema na soko liko karibu, lakini ni bondeni, mfereji wa Lubigi uko jirani, na mvua za Machi hadi Mei zilituingizia maji ndani mara mbili katika mwaka mmoja. Nyumba ya Mukono ni shilingi 300,000. Ukitazama kodi peke yake, tumejiongezea shilingi 50,000 kila mwezi, na ndugu kadhaa walinionya kwamba najitwisha nisichokiweza. Hata hivyo, mke wangu alikuwa akitumia shilingi 10,000 kwa siku kwenda kazini na kurudi kwa teksi, siku 22 kwa mwezi, yaani shilingi 220,000, na sasa anakwenda kwa miguu. Mimi nilikuwa nikitumia shilingi 6,000 kwa siku kati ya Bwaise na Kireka, na sasa natumia kiasi kile kile kati ya Mukono na Kireka. Kwa hiyo tumepata nafuu ya shilingi 170,000 kila mwezi katika nyumba ambayo kodi yake ni kubwa zaidi. Namwomba kila anayetafuta nyumba aandike kodi na nauli katika ukurasa mmoja wa daftari kabla ya kuamua, kwa sababu nimewaona wenzangu wakifuata kodi ndogo mbali na kazi, na kabla ya mwaka kuisha wakarudi walikotoka, lori wamelilipia mara mbili.

Katika kutafuta, tulitembezwa na madalali wawili, ambao hapa kwetu wengi huwaita mabroka, na kila mmoja alitutoza shilingi 20,000 ya kuonyesha nyumba. Sikatai kazi yao, ila muulizeni dalali mapema kama ada yake ni ya mara moja au ni ya kila mlango anaowafungulia. Hatimaye nyumba ilitokana na muuguzi mwenzake wa mke wangu, aliyeona mlango umefungwa karibu mwezi mzima. Nyumba iliyokaa wazi ni neema kwa mpangaji, na nitaeleza sababu.

Kabla ya kutoa kodi, nilimwomba mwenye nyumba namba ya mita ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), nikanunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu tukiwa tumesimama pale pale mlangoni. Kama mita ina deni, risiti huonyesha kiasi kilichokatwa na yuniti huja pungufu. Katika nyumba tuliyohamia mwaka 2019 sikufanya hivyo, na miezi mitatu mfululizo sehemu ya fedha zangu ilikatwa kulipa deni la mpangaji aliyenitangulia, jumla yake shilingi 86,000. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme umo mikononi mwa kampuni ya serikali ya UEDCL badala ya kampuni ya Umeme, lakini mita za Yaka zinaendelea kutumika na jambo hili bado linafaa kukaguliwa. Uliza pia kama mita ni yako peke yako. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi huuzwa kwa bei nafuu kwa mteja wa nyumbani. Milango minne ikitumia mita moja, nafuu hiyo huisha siku za mwanzo na kinachobaki ni ugomvi wa nani ametumia pasi. Kwa upande wa maji, omba kuona bili ya mwisho ya NWSC (shirika la maji), kisha fungua bomba mwenyewe na uwaulize majirani ni siku zipi maji hayatoki, kwa kuwa maji ya kununua kwa jerikeni za lita 20 ni kodi nyingine ambayo haikuandikwa mahali popote.

Sasa nije kwenye tarehe. Kodi ya Bwaise ilikuwa inaisha tarehe 31 Agosti. Mwishoni mwa Julai nilimpa mwenye nyumba taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, nikabaki na nakala yenye sahihi yake. Kwa mwenye nyumba wa Mukono niliomba jambo moja tu: kodi ianze kuhesabiwa tarehe 1 Septemba, lakini funguo nipewe siku tano kabla. Kwa kuwa nyumba ilikuwa wazi na haimwingizii kitu, alikubali bila kusita. Siku hizo tano tulizitumia kufagia, kupiga dawa, kubadilisha kitasa na kupeleka vyombo vidogo vidogo mke wangu akienda kazini. Mwaka 2019 tulilipia nusu mwezi nyumba mbili kwa sababu tu hatukuwahi kuliomba jambo hili.

Mwezi wenyewe nao uchagueni. Agosti mwishoni shule zimefungwa na mvua za Septemba hazijakolea. Anayehama Aprili au Oktoba hana budi kukodi turubai, na hata hivyo godoro litalowa.

Kuhusu vitu, kwa Luganda chumba cha kupanga cha safu huitwa muzigo, na kwa Kiswahili mzigo ni kile anachobeba mtu. Tulianza ndoa katika muzigo mmoja, na ndani ya miaka tisa vyumba vyetu vilikuwa vimejaa vitu ambavyo hatukumbuki tulivinunua lini. Majuma sita kabla ya kuhama tulipita na daftari, tukauliza kila kitu maswali mawili: kikiachwa, kukinunua upya kutagharimu kiasi gani, na kikibebwa, kitachukua nafasi gani katika lori. Kitanda cha mvule tulikibeba, kwa kuwa mbao hiyo hatungeimudu tena. Kabati la mbao za kubandika, ambalo hufumuka ukilifungua na halisimami tena imara, tuliliuza Bwaise kwa shilingi 120,000. Kochi moja lililolegea liliuzwa shilingi 90,000 na pipa la chuma shilingi 30,000. Anayeuza kwa majuma sita hupata bei. Anayeuza usiku wa kuamkia safari hugawa.

Maboksi hatukununua. Wenye maduka ya jumla ya Kikuubo, jijini Kampala, hutoa maboksi matupu kwa bei ndogo au bure ukienda jioni wakati wa kufunga. Vitabu viwekwe katika maboksi madogo, kwa sababu boksi kubwa la vitabu halibebeki na kitako chake hupasuka. Nguo zitiwe katika magunia makubwa, na vyombo vya udongo vifungwe kwa shuka na taulo, maana hizo mtazibeba kwa vyovyote vile. Skrubu za kitanda zitieni katika soksi moja na kuifunga kwenye mguu wa kitanda chenyewe.

Nimesema mengi. Wenye uzoefu wa barabara na wa kupangisha, naomba mnisahihishe pale nilipopungukiwa.

Mchangiaji (Gulu)

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa maelezo haya. Mimi nahamishwa kikazi kutoka Gulu kwenda Kampala, upande wa Kyaliwajjala, na nina mwezi mmoja na nusu. Vitu vyangu si vingi: kitanda, godoro, friji ndogo, meza, maboksi kama kumi ya vitabu na vyombo vya jikoni. Dereva mmoja hapa ameniambia shilingi 700,000 kwa pikapu, nami sina uwezo huo. Nimefikiri kuuza kila kitu na kuanza upya nikifika. Je, ni busara?

Mchangiaji (dereva wa lori dogo, Kampala)

Habari zenu nyote. Ninaendesha lori dogo na kazi yangu kubwa ni kuhamisha watu, kwa hiyo naomba niseme kutoka upande wa usukani.

Kwanza, mtueleze ukweli wa mizigo. Mteja akipiga simu husema ana vitu vichache, nami nikifika nakuta nyumba nzima, na hapo ama bei inapanda mbele ya mlango, ama tunafanya safari ya pili, ama vitu vinarundikwa na kuvunjika. Piga picha za kila chumba, zikiwemo za chini ya kitanda na za nyuma ya nyumba, umtumie dereva kabla ya kupatana. Mweleze pia kama kuna ngazi, na kama lori linafika mlangoni kote kuwili. Nyumba nyingi za Kampala ziko ndani ya vichochoro, na lori likisimama mita 200 kutoka mlangoni, fedha ulizookoa kwa dereva unazitoa kwa wachukuzi. Wakati mwingine ni nafuu kukodi tukutuku (pikipiki ya magurudumu matatu) ya kutoa vitu kichochoroni hadi barabarani.

Pili, patana bei moja inayojumuisha mafuta, dereva na tanboi (msaidizi wa dereva), na mkubaliane mapema kama tanboi atabeba au atapanga tu. Lipa sehemu ya mafuta asubuhi na kinachobaki baada ya kitu cha mwisho kushuka. Dereva anayedai fedha zote kabla ya kuwasha gari muache, hata kama bei yake ni ndogo.

Tatu, saa. Kutoka Bwaise kwenda Mukono mimi hushika Northern Bypass hadi upande wa Namboole, kisha barabara ya Jinja kupitia Bweyogerere na Seeta. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi safari hiyo ni nyepesi. Ukiniita Ijumaa alasiri, msongamano wa kuanzia Kireka hadi Seeta utakula siku yako nzima na mafuta yangu, na bei lazima iwe nyingine.

Kuhusu upangaji, vitu vizito hukaa mbele karibu na kabini, friji husimama wima na kufungwa kwa kamba ubavuni, na magodoro huwekwa kama kinga ya vioo na televisheni. Televisheni bapa isilazwe kamwe, isimame wima kati ya godoro na godoro. Mtungi wa gesi ufungwe vali, usimame wima, na usiwekwe ndani ya kabini na watu. Mafuta ya taa yasichanganywe na kitu chochote. Nimeona gunia la nguo za watoto likiharibika lote kwa chupa moja iliyolala.

Jambo la mwisho ni barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa unakotoka. Polisi akisimamisha lori limebeba kitanda na televisheni, ana haki ya kuuliza ni vya nani, na barua yenye muhuri humaliza maswali kwa dakika mbili. Sisi madereva wengi hatukubali kuhamisha mtu usiku, na hasa asiye na barua, kwa maana hatujui kama anakimbia kodi au ameiba.

Ndugu yangu wa Gulu, usikubali bei hiyo ya pikapu kabla ya kuuliza kwa wenye malori yanayorudi. Malori mengi hupeleka bidhaa kaskazini hadi Elegu, mpakani, na kuvuka kwenda Sudan Kusini, na mengi hurudi Kampala yakiwa matupu au nusu. Dereva anayerudi mtupu mafuta yake yamekwisha kulipiwa, kwa hiyo chochote unachompa ni faida. Anayehama kutoka Kampala kwenda Gulu hapati nafuu hii, kwa sababu upande huo malori hujaa.

Mwenye uzi

Ndugu wa Gulu, marahaba. Namuunga mkono dereva, tena naongeza juu ya wazo lako la kuuza kila kitu. Kuuza kila kitu huonekana rahisi kwa sababu bei ya lori unaiona leo, na bei ya kununua upya utaiona kidogo kidogo kwa miezi sita. Andika orodha mbili. Friji ndogo inayofanya kazi na godoro zuri huenda zikagharimu zaidi ya safari nzima ukizinunua upya, lakini meza ya kawaida na kitanda cha mbao laini mafundi wa kando ya barabara watakutengenezea huko huko Kampala. Maboksi ya vitabu unaweza kuyatanguliza kwa basi, mawili mawili, kila rafiki anaposafiri, mradi kuna mtu wa kuyapokea kituoni.

Ni kilomita zipatazo 330 na njia ni ya Karuma. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati, magari yalilazimika kuzunguka, kwa hiyo ulizia hali ya barabara juma lile lile la safari badala ya kutegemea ulivyoizoea. Na kwa kuwa utabeba friji, ikifika isimame wima saa kadhaa kabla ya kuiwasha, hasa kama ililazwa njiani, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Mimi niliiacha yangu hadi asubuhi ya pili.

Mchangiaji (Hajat, Bombo)

Assalaam alaikum. Mwanangu Mwalimu, umeandika vizuri, lakini umewataja watoto mara moja tu, na mimi niliyehama na watoto sita nataka kuongeza hapo.

Mwenye mtoto wa darasa la saba afikiri mara mbili. Watahiniwa wa PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) husajiliwa na UNEB, baraza la mitihani, mapema katika mwaka, na mtoto hufanyia mtihani wa Novemba katika kituo alikosajiliwa. Ukihama katikati ya mwaka, mtoto atalazimika kusafiri kila asubuhi hadi shule ya zamani, au kukaa kwa ndugu, au kuingia bweni, na zote hizo ni gharama ambazo hazimo katika daftari la lori. Mimi nilisubiri hadi Desemba nikavumilia nyumba inayovuja, na sijutii. Kwa watoto wa madarasa mengine, hama wakati wa likizo na ulipe kwanza ada iliyobaki shule ya zamani ili upewe ripoti na barua bila kuzungushwa.

Jambo la pili, kunguni. Watu huona haya kulitaja, lakini kunguni ndio wanaohama kwanza. Kabla ya kufunga magunia, fua shuka na vyandarua kwa maji ya moto sana, anika magodoro juani mchana kutwa, kagua maungio ya kitanda kimoja kimoja, na dawa ipigwe ndani ya nyumba mpya kabla kitu hakijaingia. Ukiwaingiza katika nyumba mpya, utapiga dawa mara nne badala ya mara moja.

Na weka begi moja lisilopanda lori, likae mkononi mwako: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, mikataba, dawa za mgonjwa, chaja za simu, sabuni, mishumaa, chandarua kimoja na nguo za watoto za siku mbili. Ukifika usiku umechoka, hutafungua magunia kumi na tano kutafuta dawa ya pumu ya mtoto. Sigiri, mkaa kidogo na sufuria moja vishuke kwanza, watoto wale kabla vitanda havijafungwa.

Siku inayofuata nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa mahali papya na ile barua ya kule ulikotoka, akuandike katika daftari lake. Msingoje mpate shida ndipo mjitambulishe.

Mchangiaji (mwenye nyumba za kupangisha)

Nimesoma uzi huu kwa makini kwa sababu nina milango sita ya kupangisha. Wapangaji wengi hutuona kuwa watu wa kunyang'anya amana, nami nakiri kwamba wapo wenzetu wanaofanya hivyo, lakini mara nyingi ugomvi hutokana na kutokuandika. Siku ya kuingia, mpangaji na mwenye nyumba wapite pamoja chumba kwa chumba, waandike kila kioo kilichopasuka, kila bomba linalovuja na kila doa ukutani, wapige picha, na wote wawili watie sahihi. Siku ya kutoka karatasi hiyo hiyo itolewe. Mimi nilipoanza kufanya hivi, malumbano yaliisha.

Mkataba uandikwe. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka maandishi pale ambapo thamani ya upangaji inafikia shilingi 500,000, na ukizingatia kwamba wengi huomba kodi ya miezi mitatu kwa pamoja, hata chumba cha bei ndogo kinafika hapo haraka. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kodi kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mpangaji akiingia kwa shilingi 300,000 anajua kwamba mwaka unaofuata nyongeza haipaswi kuvuka shilingi 30,000, na anaweza kupanga maisha yake.

Mwalimu alichosema juu ya funguo za mapema ni kweli. Nyumba iliyokaa wazi wiki tatu imekwisha kunipa hasara kubwa kuliko siku tano ninazoombwa. Ombeni kwa heshima, na ombeni kabla ya kulipa, kwa kuwa baada ya kulipa hamna tena cha kujadili.

Mwenye uzi

Nawashukuru sana Hajat, mzee wetu mwenye nyumba na ndugu dereva. Kwa kuwa baadhi yenu mmeniandikia faraghani mkiuliza hesabu kamili, naiweka hapa jinsi ilivyo daftarini. Bei hizi ni za kwangu na za safari yangu, kila mtu atakuta zake.

Lori lilikuwa shilingi 200,000 pamoja na mafuta na tanboi. Wachukuzi wanne walipata 20,000 kila mmoja, yaani 80,000. Wawili niliwapata Bwaise na wawili Mukono, kwa sababu kuwasafirisha wale wale kungenigharimu nauli na chakula chao cha siku nzima. Magunia, kamba na gundi ya karatasi ni 55,000. Madalali walichukua 40,000, na nauli za kwenda kuangalia nyumba zilikuwa 40,000 nyingine. Rangi na bomba jipya katika nyumba tuliyoiacha ni 60,000, kitasa na kufuli katika nyumba mpya 45,000, chakula cha siku ile 30,000, na dawa ya kunguni 25,000. Jumla ni shilingi 575,000. Ukiondoa shilingi 240,000 tulizopata kwa kuuza vitu, zinabaki 335,000, na nafuu ya nauli ya miezi miwili inazirudisha.

Kodi ya miezi mitatu na amana, jumla shilingi 1,200,000, nilizihesabu peke yake, kwa sababu anayechanganya fedha za kodi na fedha za safari hujikuta analipa wachukuzi kwa fedha ya mwezi wa tatu. Tulizikusanya kwa muda wa miezi minane katika SACCO yetu ya walimu. Nilizipeleka moja kwa moja katika akaunti ya benki ya mwenye nyumba. Kama ningezipitisha kwenye simu kisha nikazitoa taslimu, ushuru wa asilimia 0.5 unaotozwa wakati wa kutoa ungekuwa shilingi 6,000, mbali na ada ya kampuni ya simu, na stakabadhi ya benki ni ushahidi bora zaidi kuliko fedha taslimu iliyopita mikono miwili.

Nataka nieleze ile 60,000 ya rangi, kwa kuwa mke wangu mwanzoni hakuiafiki. Alisema kwa haki kabisa kwamba haifai kuipamba nyumba tunayoiacha. Amana yetu Bwaise ilikuwa shilingi 250,000. Niliingia pale mwaka 2019 bila karatasi ya ukaguzi, maji ya mafuriko yalikuwa yameacha alama ukutani, na bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Kama ningeyaacha hivyo, mwenye nyumba angeleta fundi wake kwa bei yake, nami nisingekuwa na neno. Nilinunua rangi, nikapaka mwenyewe jioni mbili na kijana wangu mkubwa, nikabadilisha bomba, nikapiga picha za vyumba vikiwa vitupu na picha ya namba za mita. Tulipita pamoja na mwenye nyumba tarehe 31, na tarehe 4 Septemba amana ilirudi yote.

Kosa moja nililolifanya safari hii nalo niliseme. Sikuwaambia majirani wa Mukono kwamba tunakuja Jumapili, na tulipofika saa mbili asubuhi tulikuta gari limeegeshwa mbele ya lango na mwenyewe amekwenda kanisani. Tulishusha kila kitu kutoka barabarani, kiasi cha mita 60, na wachukuzi wakaniomba nyongeza ambayo nilishindwa kuikataa. Mke wangu aliwapa chakula cha ziada na nusu gunia la mihogo tuliyokuwa tumeletewa. Nendeni siku moja kabla, mbishe hodi, mseme mnakuja saa ngapi.

Mchangiaji (Gulu)

Mwalimu, narudi na habari. Nilikwenda wanakoegesha malori yanayotoka Elegu, nikakaa na madereva jioni mbili. Nimepatana na mmoja anayerudi mtupu: shilingi 220,000 hadi Kyaliwajjala, nusu ya fedha tukipakia na nusu tukishusha. Kitanda na meza nimeviuza, friji, godoro na vyombo vinakuja, na maboksi manne ya vitabu yametangulia kwa basi. Lori ni kubwa na njia ya mwisho ni nyembamba, kwa hiyo nahitaji tukutuku ya kunipokea barabara kuu. Tunatarajia kufika Jumamosi saa tano asubuhi.

Mchangiaji (dereva wa lori dogo, Kampala)

Hapo umepatana vizuri. Tukutuku zipo Kyaliwajjala pale pale sokoni, lakini usingoje ufike ndipo uzitafute, kwa kuwa Jumamosi saa tano zote zimekwenda na mizigo ya sokoni. Mwombe atakayekupokea aiagize Ijumaa jioni na atoe kishika nafasi kidogo. Friji ipande safari ya kwanza, ikiwa imesimama na mtu ameishika. Barua ya LC1 umeichukua?

Mchangiaji (Gulu)

Nimeichukua leo asubuhi, ina muhuri, na namba ya gari imeandikwa ndani yake. Nimeitia katika begi la mkononi kama alivyoagiza Hajat.